Kufuli Ndani ya Giaboksi

Pampu ilikata yenyewe, na Mzee Mita akainama kusoma tarakimu kabla msichana wa kituoni hajazifuta. Alizisoma midomo ikicheza, kama alivyosoma mita za maji za watu katika miaka yake yote ya kazi. Kisha akanyanyuka akamtazama mkwewe, aliyekaa kwenye usukani wa pikapu akiangalia mbele.

"Jana ulipita wapi?"

"Kinuni, Baba. Halafu madukani, halafu nyumbani."

"Barabara ile ile?"

"Ile ile."

"Basi wameirefusha sisi tukiwa tumelala."

Msichana wa pampu akacheka. "Mzee wangu, labda tangi limetoboka."

"Tangi nimelipapasa lote kama mkunga. Halina hata kijasho."

"Basi nyumbani kwako kuna mwenye kiu," akasema msichana, akipokea pesa. Alikuwa anatania, na gari la nyuma liliposogea alikuwa amekwisha kusahau. Mzee Mita hakusahau. Alipanda upande wa abiria, akaubamiza mlango, na njia nzima macho yake hayakutoka kwenye mshale wa mafuta.

Pikapu ile ilikuwa ndiyo kiinua mgongo chake. Idara ya maji ilimzungusha kwa "njoo kesho" mpaka baadhi ya wenzake wakafa wakiwa bado kwenye foleni. Walipomlipa, walikata hiki wakakata na kile, na hakuna bwana mkubwa aliyejisumbua kumweleza kilichokatwa kimekwenda wapi. Akanunua alichoweza: gari lililokwisha kuchosha watu wengine, rangi imepauka, gia ya otomatiki, lakini injini nzima. Alikuwa akibeba chakula cha kuku kutoka kinuni kwenda kwenye maduka ya barabara kuu, akiendesha mwenyewe. Halafu ofisi ya leseni ikamwambia macho yake hayafai tena. Kijana aliyempima alikuwa anatafuna karanga, na hakuacha kutafuna alipokuwa akimnyang'anya mtu riziki. Hivyo usukani ukaenda kwa mume wa binti yake.

Madereva wa kinuni walimwita mkwe huyo Taratibu, kwa sababu hata kuku walivuka mbele ya gari lake bila kukimbia. Na hapo ndipo hesabu ilipomshinda Mzee Mita. Yeye alipokuwa akiendesha, na mguu wake haukuwa mwepesi hata kidogo, tangi lilifika mwisho wa juma. Tangu Taratibu ashike usukani, halifiki. Mtu wa pole, gari lile lile, mzigo ule ule. Katika kazi yake ya zamani, nyumba ikitoa hesabu kama hiyo alijua kuna bomba limechepushwa chini ya ardhi. Kilichobaki ni kuchimba.

Alianza kwa kuchimba nguo chafu. Mama Pacha, binti yake, alimkuta uani kwenye beseni, ameshika shati la kazi la mumewe, pua imezama kwenye mkono wa shati.

"Baba."

Mzee hakushtuka. "Njoo unuse hapa."

"Ninuse nini?"

"Wewe ndiye unayefua, pua yako inajua. Hii si petroli?"

Mama Pacha alikuwa mshonaji wa sare za shule, na tepu ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Alilichukua shati akalirudisha kwenye beseni. "Hilo ni jasho, na kitu kilichoungua. Baba, mtu akikukuta hapa utasema nini?"

"Nitasema natafuta mali yangu."

"Kwenye kwapa la mkweo?"

Mama Pacha na mumewe na pacha wao walikaa kwenye vyumba viwili vya uani, nyumbani kwa baba yake. Kodi hawakulipa, na kila aliyewahi kukaa kwa mtu bila kodi anajua namna inavyolipwa.

"Nikimkamata," Mzee Mita akasema, "sitapiga kelele. Ataondoka kama alivyokuja, na begi lake moja. Wewe na wajukuu wangu mtabaki."

"Mimi ni mke wa mtu, Baba. Akibeba begi, la pili nitabeba mimi."

"Mwende wapi?"

Hawakuwa na pa kwenda, na wote wawili walilijua hilo. Mama Pacha akainama akaanza kufua.

Tangu siku hiyo funguo za gari zililala chini ya mto wa mzee. Kila asubuhi Taratibu alibisha mlango wa chumba cha baba mkwe, akasubiri huku mzee akikohoa na kutafuta ndala, kisha akazipokea kwa mikono miwili, kama mtoto anayepewa hela ya daftari. Pacha walisimama wakiangalia. Jioni wakaligeuza jambo hilo kuwa mchezo: mmoja anabisha, mwingine anakoroma kwa sauti ya babu yao, "Nani? Unataka nini?" Taratibu alipita katikati yao, akawapapasa vichwa, hakusema neno.

Huko kutosema ndiko kulikozidi kumtia mzee shaka. Mtu asiye na kitu moyoni, aliwaza, hubisha, hulalamika, huapa. Huyu alirudi amechelewa, mikono ina weusi uliooshwa nusu, na akiulizwa alisema, "Nilisimama kidogo, Baba." Wapi? "Njiani." Kufanya nini? "Kupumzika." Dereva mwenye umri wa mwanawe apumzike kwenye njia ambayo yeye, mzee, aliimaliza bila kwenda haja.

Siku moja tu, alipomkuta mzee ametulia kibarazani, Taratibu alijaribu.

"Baba, wenzangu wa kinuni wanasema taa za nyuma haziko sawa."

"Taa ziko sawa."

"Wanasema zina..."

"Gari limepita ukaguzi au halijapita?"

"Limepita."

"Basi. Barabara yako wewe iko mbele."

Mwendesha pikipiki wa kona, ambaye mzee alimkodi siku chache baadaye, alikuwa mtu wa makamo aliyependa habari za watu kuliko nauli. Alipoelezwa safari, aliivua kofia ngumu akajikuna.

"Tunamfuata nani?"

"Pikapu ile inayotoka."

"Si ni yako?"

"Ndiyo maana."

"Haya. Mwenye gari anafukuza gari lake. Leo nitakuwa na la kusimulia."

"Utasimulia nikishashuka. Kaa mbali naye, asituone."

Walipita viwanda, wakapita shule, wakaingia barabara kuu iliyojaa viraka. Hela za kuitengeneza hukatwa kwenye kila tone la petroli, na viraka viko pale pale kuwasalimu wanaozilipa. Mbele yao pikapu ilikwenda mwendo mmoja, magunia yamefungwa vizuri, na nyuma taa mbili nyekundu zikiwaka.

"Mkweo huyu," akapaza sauti mwendesha pikipiki, upepo ukimtafuna maneno, "anaendesha mguu uko kwenye breki. Tangu tutoke mjini taa hazijazima. Hata mlima anaupanda na breki."

"Angalia barabara."

"Naiangalia. Yote nyekundu."

Mzee Mita alijua vizuri kwa nini taa zile hazizimi. Mwanzoni mwa mwaka, kiswichi kilicho nyuma ya kanyagio la breki kilikufa, na taa za breki zikawa haziwaki. Mkaguzi wa magari alilizunguka gari kalamu ikiwa sikioni, akasema limeanguka, halafu akasema, "Lakini sisi sote ni binadamu, Mzee," akasimama kusubiri ubinadamu utoke mfukoni. Mzee hakuutoa. Alirudi nyumbani na hasira zake, akalala chali chini ya usukani, akachukua waya akaunganisha moja kwa moja. Ukiwasha gari, taa za breki zinawaka, na zinabaki hivyo mpaka ulizime. Kesho yake mkaguzi akasema kanyaga, mzee akakanyaga, taa zikaonekana zinawaka. Mkaguzi hakutazama kama zinazima. Hakulipwa kwa kutazama. Alilipwa kwa kusimama. Alikuwa amekasirika kukosa chake, akagonga muhuri aende akatafute wa pili. Mzee Mita alirudi nyumbani amenyoosha mgongo kama mtu aliyeishinda serikali nzima. Hakumwambia mtu, kwa kuwa ushindi wenyewe ulikuwa kosa la faini. Na juma lile lile ndipo ofisi ya leseni ilipomtoa kwenye usukani.

Kwa hiyo taa zilikuwa siri yake. Leo alikuwa anatafuta petroli, na taa na petroli wapi na wapi.

Penye mzani wa zamani wa malori, ambao mabwana wakubwa waliufungua kwa hotuba na kuufunga kimya kimya, pikapu iliacha lami ikaingia nyuma ya ukuta. Mzee akashuka mbali, akatembea kwa kunyata juu ya kokoto. Kulikuwa na furaha ndani yake, furaha mbaya ya mtu aliyesema na sasa anaona. Boneti ilikuwa wazi. Taratibu ameinama, mkono mmoja umeshika kidumu.

"Nimekupata."

Taratibu aligeuka polepole, kama alivyofanya kila kitu. Mzee akampokonya kidumu, akakiinamisha kiganjani, tayari kunusa. Kilichomwagika kilikuwa chekundu, kizito, cha kuteleza.

"Hii nini?"

"Mafuta ya giaboksi, Baba."

"Umeyatoa wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa hela ya nani?"

"Yangu."

Mzee akatazama kile kidumu, akatazama bomba jembamba ambamo mkwewe alikuwa amechomeka faneli. Hakuwa amejiandaa kumkuta mtu anayetia; alikuwa amejiandaa kwa anayetoa.

"Giaboksi inapata moto," Taratibu akasema. "Kila nikifika hapa inanuka. Naiacha ipoe. Ikichemka inatema mafuta, narudishia."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuendesha."

"Na hukusema."

"Nilianza na taa, ukaniambia barabara yangu iko mbele. Ningesema giaboksi, ungesema nimeivunja."

"Si umeivunja?"

Mwendesha pikipiki alikuwa amekwisha kusogea, kofia mkononi, kama mtu aliyefika msibani. "Kumbe si mwizi," akasema kwa upole, "ni mharibifu."

"Mwizi ni mwizi," Mzee Mita akafoka. Aibu ya kukosea mbele ya mgeni ilikuwa imemgeukia kuwa hasira. "Mchana ananyonya tangi, hapa anakuja kuficha gari alilolivunja. Mwizi, tena wa ndani."

Taratibu alipangusa kijiti cha kupimia mafuta, akakichomeka mahali pake, akafunga boneti bila kuipiga.

"Neno hilo, Baba, lirudishe."

"Nirudishe nini? Gari ni langu."

"Haya," Taratibu akasema, akaingia kwenye gari. Mzigo ulikuwa bado unasubiriwa madukani.

Jioni ile alimweleza mkewe mlango ukiwa wazi, ili asiyetaka kuuliza asikie. Kinu kilikuwa kinatafuta dereva wa lori. Kulikuwa na chumba kimoja nyuma ya ghala, chenye panya, lakini chenye mlango wake. Mwisho wa juma wangehama.

"Pacha watalala wapi?" Mama Pacha akauliza.

"Juu ya magunia, kama lazima. Hapa wanajifunza kunicheka."

Mzee Mita alisikia yote kutoka kibarazani. Hakuamini. Mtu anayekimbia, aliwaza, ana anachokikimbia. Akaamua kuwa kabla mkwe hajaondoka, giaboksi ifunguliwe mbele yake, ionekane nani aliyeiua.

Fundi wa giaboksi aliitwa Kilo, kwa jinsi mizani ya duka la jirani ilivyomkataa. Alichomoa kijiti, akayasugua mafuta kati ya vidole, akayanusa.

"Yameungua kidogo. Hayajafa."

"Fungua," Mzee Mita akasema. "Nataka kuona kilichovunjika."

"Nikifungua utanilipa hata nisipokuta kitu. Tuliendeshe kwanza."

Fundi anayekataa kazi alimtia mzee shaka kuliko anayeikimbilia. Akamtazama Kilo, akamtazama Taratibu. "Nyie mnajuana?"

"Mzee, mimi najuana na magari tu," Kilo akasema. "Watu wananichanganya."

Wakapanda wote watatu, mzee amebanwa katikati, bega moja limezama kwenye nyama za fundi, jingine limekataa kumgusa mkwe. Barabara kuu ilikuwa wazi. Kilo akaelekeza kwa kidole chenye grisi.

"Shikilia hapo hapo. Usiongeze, usipunguze. Huo mshale wa mizunguko ya injini mnauona? Uko juu. Tuko tambarare, tangi limejaa, nyuma hatuna mzigo, na injini inalia kama inapanda mlima."

"Basi giaboksi imekufa," mzee akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye huzuni.

"Subiri, Mzee, usizike mgonjwa. Kwenye otomatiki injini haijashikana na gia. Katikati kuna bakuli la mafuta: injini inayazungusha mafuta, mafuta yanazungusha gia. Ndiyo maana gari haliruki unapoondoka. Lakini mafuta ni mafuta, yanateleza, nguvu nyingine inapotea bure, inageuka kuwa joto. Kwa hiyo mle ndani wameweka kufuli. Ukifika mwendo wa barabara kuu, ukatulia, kufuli linafunga, injini na gia vinashikana kama mtu na mkewe. Mshale unashuka, mafuta yanapungua, giaboksi inapoa. Ukigusa breki kufuli linaachia, maana lisipoachia gari litakuzimikia ukisimama. Dereva, sikia. Mguu wa kulia uache ulipo. Kwa wa kushoto gusa breki, kidogo sana, kama unagusa chai ya moto. Kama kufuli limefunga, litaachia, na mshale utaruka."

Taratibu akagusa. Mshale haukutikisika.

"Tena."

Akagusa tena. Mshale ulikaa palepale.

"Halikuwa limefunga," Kilo akasema. "Sasa ni mawili. Ama kufuli limekufa, hapo nitafungua, na wewe Mzee utatafuta kiwanja cha kuuza. Ama ni zima, lakini kuna kitu kinaliambia lisifunge."

"Kitu gani?" Taratibu akauliza.

"Mara nyingi ni breki. Gari likidhani umekanyaga breki, kufuli halifungi ng'o, hata uende mpaka mwisho wa nchi."

Jasho likamtoka Mzee Mita kwenye mfereji wa mgongo. Hakuna aliyelijua isipokuwa kiti.

Kilo akamwambia Taratibu asimame pembeni, aache injini inaunguruma, ainue miguu yote miwili. Akashuka, gari likainuka upande wake, akazunguka nyuma. Walimsikia akisimama.

"Nani kakanyaga breki?"

"Hakuna mtu," Taratibu akajibu.

"Zinawaka."

Akarudi, akamshusha dereva, akajilaza kifudifudi kwenye sakafu ya gari, miguu ikiwa nje, akaanza kupapasa nyuma ya kanyagio. Alikuwa anapumua kwa shida. Alipotoka alikuwa ameushika waya mwembamba, ncha yake imesokotwa kulia, ikapindwa juu, ikasokotwa tena kushoto, imebana kama mshono. Ndivyo idara ya maji ilivyowafundisha watu wake kufunga lakiri za mita, ili mwizi akifungua asiweze kurudishia. Mzee Mita hakujua kufunga kwa namna nyingine. Nyumbani kwake, banda la kuku, mguu wa meza, mpini wa ndoo, vyote vilikuwa na msokoto ule.

Taratibu aliutazama waya kwa muda. Kisha akatazama pembeni, kwenye malori yanayopita.

"Nani kaweka hii?" Kilo akauliza. "Dereva?"

"Si mimi."

"Mwenye gari?"

Malori mawili yakapita, moja nyuma ya jingine. Mzee Mita alikuwa na nafasi ya kusema, na nafasi ilikuwa pana kama barabara.

"Mimi? Kwa mgongo huu niingie chini ya usukani?" akasema. "Ni hawa mafundi wa barabarani. Au huko ukaguzi. Wale wakishika gari lako, unajua wanalifanyia nini?"

"Mkaguzi hafungi hivi," Kilo akasema, akiugeuzageuza waya. "Hii kaifunga mtu mwenye subira."

Akaunyofoa. Wakarudi barabarani. Walipofika mwendo ule ule, gari likatikisika kidogo, mara moja, kama mtu anayejiweka sawa kwenye kiti, na mshale ukashuka ukatulia. Kelele ikaisha. Waliweza kusikia upepo kwenye vioo. Breki bila swichi nzima haikuwa na la kuliambia kufuli, kwa hiyo Taratibu akaongeza mafuta ghafla; kufuli likaachia, mshale ukaruka. Akapunguza, ukashuka ukatulia tena. Aliongeza mara ya pili bila kuambiwa, na uso wake ukaanza kufunguka, halafu akakumbuka alipokaa na nani.

"Ndilo hilo," Kilo akasema. "Limeshikana. Mafuta yako, Mzee, yalikuwa yanaliwa na waya. Sasa nunua swichi ya dukani. Bila hiyo taa hazitawaka kabisa, na watu watakuingia nyuma."

Mzee Mita akawaza petroli yote aliyoichoma kwa mkono wake mwenyewe, akamlaani mkaguzi kimoyomoyo, yeye na waliomweka. Kisha akauliza bei ya swichi.

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo za pacha juu ya kitanda, begi liko wazi mbele yake, mzee alipokuja kusimama mlangoni.

"Kwa hiyo mwizi amepatikana," binti akasema bila kugeuka.

"Ilikuwa gari."

"Gari lilijifunga waya lenyewe?"

"Ni mkaguzi yule. Nchi hii, mwanangu, mtu akipewa kalamu na kofia..."

"Mkaguzi alilala chini ya usukani?"

Mzee akaanza kueleza habari za wakubwa, jinsi wanavyomsukuma mnyonge mpaka afanye ambalo asingelifanya. Yalikuwa maneno ya kweli, na aliyajua vizuri kwa kuyarudia. Mama Pacha aliendelea kukunja. Alipoishiwa, mzee alijikuta amesimama mlangoni mwa watu, akaondoka.

Taratibu alikuwa uani, ameinama chini ya usukani, swichi mpya imefungwa mahali pake. Hakuna aliyemwomba. Alisema tu kwamba hawezi kumwachia mtu gari lisilo na taa. Atakayelifuata nyuma naye ana watoto. Akaketi kwenye kiti.

"Baba, simama nyuma uniambie."

Mzee Mita akaenda akasimama nyuma ya bodi. Kutoka pale hakumwona mkwewe, wala hakuonekana.

"Zimewaka?"

"Zimewaka."

"Sasa?"

"Zimezima."

"Tena."

"Zimewaka. Zote mbili."

"Sasa?"

"Zimezima." Mzee alikuwa ameshika bodi kwa mikono yote miwili. "Ule waya niliuweka mimi."

Taa zikawaka. Zikakaa hivyo kidogo, kisha zikazima.

"Najua, Baba. Banda la kuku nalifungua kila siku."

"Ulijua pale pale?"

"Pale pale."

"Mbona hukusema mbele ya fundi?"

"Ulikuwepo. Nilidhani utasema mwenyewe." Mlango wa gari ukafunguka, lakini Taratibu hakushuka. "Umeniita mwizi mbele ya mtu wa pikipiki, na huyo amekwisha kuumaliza mtaa kwa kusimulia, siwezi kumkimbiza. Lakini ulianzia kwa mke wangu. Yumo ndani."

Mzee Mita alibaki ameshika bodi kama anasukuma. Halafu akaiachia, akapita mbele ya mkwewe bila kumtazama, akaingia vyumba vya uani ambamo hakuwahi kuingia bila kuita kwa sauti kubwa kwanza. Safari hii alibisha.

"Waya niliuweka mimi," akamwambia binti yake. "Mafuta niliyapoteza mimi. Mumeo hakuchukua kitu. Alikuwa anatia."

Mama Pacha akaacha kukunja. "Na mkaguzi?"

"Mkaguzi hayumo."

Alikuwamo, bila shaka. Alikuwamo yeye na kalamu yake na waliomtuma, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Mzee Mita. Lakini siku ile alimwacha nje.

Binti akaenda mlangoni. "Baba Pacha, njoo. Na nyie wawili, acheni huo mchezo mje." Walipoingia wote, na chumba kikawa hakina pa kusimama, akamgeukia baba yake. "Sema tena. Naye asikie, na hawa wasikie."

Mzee akasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu maneno yalikuwa yale yale na sasa alijua yanavyosikika. Mmoja wa pacha akamtazama kutoka chini.

"Kwa hiyo mwizi ni Babu?"

Hakuna aliyemkanya mtoto. Mzee Mita akamtazama mkwewe, akisubiri, na Taratibu, ambaye hakuwahi kulikimbilia jambo, hakulikimbilia hili. Alijipangusa grisi kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka akavimaliza vyote.

"Babu si mwizi," akasema. "Mtu haitwi hivyo kama hukumwona akiiba."

Mama Pacha akarudi kitandani, akaanza kuzitoa nguo kwenye begi. Hakuzitoa zote. Alitoa za juu, za kuvaa kesho.